Ruhusa ya Mzee Wepukhulu

Ujumbe uliingia saa nne kasorobo asubuhi, na Brigid Nekoye aliusoma mara mbili kuhakikisha kwamba macho yake hayamdanganyi. "Wapendwa, kutokana na mvua kubwa, zoezi la kujikinga na mafuriko limeahirishwa hadi siku ya jua. Asanteni kwa kuelewa. Vivian, Meneja wa Mradi."

Watu wa Bondeni walielewa. Walikuwa wameelewa mambo mengi tangu Shirika la Ukingo Salama liingie mtaani mwao, chini ya barabara ya kwenda Kiplombe, miaka sita iliyopita. Walielewa kwamba wao si maskini bali ni "jamii iliyo hatarini". Walielewa kwamba kijito kinachopita nyuma ya vyoo vyao, kikielekea mto Sosiani na chupa za plastiki mgongoni, kinaitwa "mfumo wa ikolojia". Na walielewa kwamba baada ya kila semina kuna soda na mkate, ila ni lazima utie sahihi kwanza.

Aliyewaelewesha yote hayo ni Brigid. Alianza kama mhamasishaji wa kujitolea, akapewa fulana ya kijani. Mwaka wa tatu alipandishwa cheo kuwa Balozi wa Mto, akapewa fulana ya buluu. Mwaka jana akawa Kaimu Mwelimishaji Msaidizi, na fulana ikawa ya rangi ya chungwa, yenye kola. Mshahara ulibaki pale pale; kola ndiyo iliyokuwa nyongeza.

Sasa ilikuwa imetangazwa nafasi ya Afisa Mwelimishaji wa Ustahimilivu wa Mafuriko. Mkataba wa kudumu. Bima ya hospitali. Haki ya kuugua bila kukatwa siku. Usaili ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na nyumbani kwao nafasi hiyo ilikuwa imeshatumika kabla haijapatikana: mumewe, Elphas, alikuwa amekwisha kumwambia mwenye ploti, anayewadai kodi ya vyumba, kwamba mambo yatanyooka mwezi ujao. Elphas alikuwa seremala wa vitanda, biashara inayotegemea watu kuoana, na mwaka huo Eldoret watu walikuwa wanajadiliana mahari tu.

*

Katika chumba cha pili cha ploti yao alilala Mzee Wepukhulu, baba yake Elphas. Alikuwa ameletwa kutoka Bungoma baada ya kuanguka kwenye ngazi ya ghala na kuvunjika nyonga, ili awe karibu na kliniki ya mifupa. Elphas alimkodishia chumba chake peke yake, chenye mlango wake, na hapakuwa na namna nyingine. Kwa Wabukusu kama wao, mwanamke na baba mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, wala hakuna anayeingia mahali mwenzake anapolala. Si chuki. Ni heshima, na mipaka yake inajulikana vizuri kuliko mipaka ya ploti.

Kwa hiyo kila mchana Brigid aliweka sahani juu ya kigoda nje ya mlango, akaita, "Mzee, chakula," kisha akarudi nyuma hadi aliposikia gongo lake la kutembelea likigusa sakafu. Kwa miezi miwili walikuwa wameishi hivyo, ukuta wa mabati katikati, wakiheshimiana bila kuonana.

Siku hiyo mvua ilipopiga kwa saa tatu mfululizo, kijito hakikusubiri siku ya jua. Saa sita kasorobo kilipanda juu ya mtaro, kikaingia uani kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kikabeba ndara, sufuria na kuku wa watu. Brigid alivaa fulana yake ya chungwa, akatoka na filimbi, akapuliza mara tatu kama mwongozo unavyosema. Milango ikafunguka. Mji unaosifiwa kwa wakimbiaji ulipata wengine arobaini hapo hapo, wote wakipanda mlima kwenda barabarani na mitungi ya gesi mabegani.

Brigid akageuka kwenye mlango wa chumba cha pili. Maji yalikuwa yamefika magotini.

"Mzee! Maji yanaingia. Lazima utoke."

"Elphas ako wapi?" sauti ilijibu kutoka ndani.

"Ako town, nimempigia. Daraja limefunikwa, boda hazipiti."

"Ita wanaume."

"Wanaume wote wako kazi, Mzee. Waliobaki ni akina mama na wagonjwa."

"Wanatoka kazi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi watanikuta."

"Watakukuta wapi? Nasikia kitanda kinagonga ukuta!"

Kitanda kikagonga ukuta tena.

Jirani yake Wanja alipita akiwa amejitwika mashine ya kushonea kichwani. Akasimama katikati ya maji, akamtazama. "Brigid, si wewe ndio ulitufundisha tusibishane na maji? Sasa unabishana na mlango?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Kwani yeye haloi?"

Mwongozo wa Ukingo Salama ulikuwa na kurasa themanini na nne. Ukurasa wa thelathini na moja ulionyesha namna ya kumbeba mgonjwa mgongoni: mchoro wa mtu asiye na uso akimbeba mtu mwingine asiye na uso. Brigid alikuwa amefundisha ukurasa huo mara kumi na tisa, na cheti chake cha ubebaji kilining'inia ukutani, kimepigwa plastiki ili kisiingie maji. Hakuna ukurasa uliosema ufanye nini kama huyo asiye na uso ni baba wa mumeo.

Akasukuma mlango.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, amevaa fulana ya ndani na bukta. Alipomwona aligeuza uso ukutani. Brigid naye hakumtazama. Alirudi kinyumenyume ndani ya maji mpaka ukingo wa kitanda ukamgusa mapajani, akachuchumaa.

"Siangalii, Mzee. Nakupa mgongo tu. Panda."

"Toka humu."

"Panda, Mzee."

"Nimesema toka! Mimi si mzigo wa mke wa mwanangu!"

Kitanda kiliinuka upande mmoja, kikayumba. Brigid alinyoosha mikono nyuma, akaishika mikono miwili ya mzee, akaivuta juu ya mabega yake kama kamba za gunia, akasimama. Mzee alipiga ukelele wa maumivu ya nyonga. Baada ya hapo hakutoa sauti yoyote njia nzima, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko yeye.

Kutoka uani hadi barabarani ni hatua mia mbili za utelezi. Brigid alianguka magoti mara moja. Fulana ya mzee ilipanda hadi kifuani, bukta ikashuka, na hapakuwa na mkono wa akiba wa kuirekebisha.

Juu barabarani gari jeupe la shirika lilikuwa limeegeshwa, taa zikimetameta. Zoezi lilikuwa limeahirishwa, lakini wageni wa mfadhili walikuwa wameshatua, na ingekuwa aibu kuwarudisha bila kuona chochote. Emmanuel, afisa wa mawasiliano aliyeajiriwa miezi minane iliyopita, alishusha kioo nusu ili kamera isilowe. Akapiga picha. Akapiga nyingine. Wageni nyuma yake walipiga makofi.

*

Watu walihifadhiwa katika ukumbi wa kanisa, chumba kimoja kikubwa kilichoitwa Kituo cha Uokoaji kwa sababu shirika lilikuwa limekipachika kibao. Mzee aliketishwa kwenye benchi, akapewa nguo kavu ya kwanza iliyopatikana: fulana ya buluu yenye maandishi MIMI NI BALOZI WA MTO. Aliivaa, akageukia ukuta, akakaa hivyo saa sita. Brigid alikaa nje kwenye baraza, katika manyunyu, kwa kuwa ndani hapakuwa na pahali ambapo wangeweza kutoonana.

Jioni maji yaliposhuka, Elphas alifika amelowa hadi kiunoni. Alimbeba babake hadi nyumbani, akamlaza, kisha akaja kusimama mbele ya mkewe aliyekuwa akichota tope kwa sahani.

"Hungemtafuta mwanamume hata mmoja?"

"Wapi? Ndani ya friji?"

"Sisemi umekosea, Brigid. Nasema tu watu wameona."

"Hawajaona tu. Wamepiga makofi."

Mzee alikataa chakula siku hiyo na iliyofuata. Sahani iliwekwa kwenye kigoda, ikapoa, ikaondolewa. Siku ya tatu alikula, lakini cha hotelini, kilicholetwa na Elphas. Baba mdogo wa Elphas alipiga simu kutoka Bungoma kusema kwamba mambo ya namna hii hayamalizwi kwa simu, kisha akatumia dakika arobaini kuyamaliza kwa simu: itabidi wazee waketi, itabidi mbuzi apatikane, na huyo msichana, ingawa ametenda vyema, ametenda vibaya.

"Msichana ana miaka thelathini na sita," Brigid alisema Elphas alipokata simu.

"Ndivyo wanavyosema tu."

"Na mbuzi ni wa kunishukuru au wa kunisafisha?"

Elphas alifikiri kwa makini. "Nadhani ni huyo huyo mmoja."

*

Jumatano Madam Vivian mwenyewe alishuka Bondeni, viatu vyake ndani ya mifuko ya plastiki. Alimkumbatia Brigid mlangoni kwa uangalifu, bila kugusa tope.

"My dear! Ile picha! Imefika Nairobi, imefika kwa wafadhili, kila mtu analia. Wanataka iwe jalada la ripoti ya mwaka. Mabango pia. Moja kubwa pale mzunguko wa barabara, just imagine."

Alimwonyesha kwenye simu. Ilikuwa picha nzuri. Hilo halikuweza kukanushwa. Fulana ya chungwa iliwaka katikati ya mvua, nembo ya shirika ikasomeka herufi kwa herufi. Na juu ya nembo, mapaja membamba ya mzee wa miaka sabini na sita, tumbo lake wazi, na uso wake, uliogeukia taa za gari, ukitazama moja kwa moja kwenye kamera, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

"Kitu kimoja tu," Vivian alisema, akitoa karatasi. "Fomu ya ruhusa. Hatutumii picha ya mtu bila ruhusa, sisi tunaheshimu utu. Mzee aweke kidole hapa. Wewe uje nayo Ijumaa kwa interview." Akashusha sauti. "Between us, hiyo interview ni utaratibu tu. Umeshapata kazi. Lete tu hii."

Alipoondoka, Brigid alisimama nje ya mlango wa chumba cha pili na fomu mkononi, hadi gongo likasikika ndani.

"Nani?"

"Ni mimi, Mzee. Shirika wameleta karatasi. Wanataka ile picha ya siku ya maji... waitumie."

"Kuna picha?"

Brigid alishusha fomu. Hakuwa amejua kwamba mzee hajui.

"Naonekana?" mzee aliuliza.

"Unaonekana."

"Nimevaa nini?"

Brigid alitazama matope kwenye vidole vyake vya miguu.

"Rudi kwa kazi zako," mzee alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

*

Elphas aliisoma fomu mezani, akaigeuza, akasoma tena upande usio na maandishi.

"Kazi yote iko hapa? Kwa hiki kisanduku?"

"Yote."

"Inahitaji kidole."

"Cha Mzee. Amekataa."

"Kidole ni kidole. Nani katika hiyo ofisi anajua kidole cha Mzee?"

"Elphas."

"Miaka sita umepuliza filimbi, Brigid! Miaka sita! Mimi nimekuwa bwana ya fulana. Watu wananiuliza mke wako anafanya kazi gani, nawaambia rangi." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mzee atarudi Bungoma mwezi ujao. Hapiti hiyo mzunguko. Hataona."

"Si ataonwa?"

Alitoka kwenda kuanua nguo. Aliporudi, kidau cha wino alichotumia Elphas kupigia mihuri risiti zake kilikuwa wazi mezani, na ndani ya kisanduku kulikuwa na alama ya kidole gumba, nzuri, mistari yote ikionekana. Elphas alikuwa akinawa mikono kwa sabuni, mgongo umegeuka.

"Mimi ni damu yake," alisema. "Ni karibu kidole chake."

Brigid angeweza kuichana. Aliikunja mara mbili, akaitia mkobani. Tusimpambe: aliitia mkobani, na usiku huo alilala vizuri.

*

Ijumaa jopo lilikuwa la watu watatu, mezani chupa tatu za maji na biskuti zisizoguswa. Vivian katikati, kushoto mama wa rasilimali watu, kulia bwana kutoka Nairobi aliyeumwa na baridi ya Eldoret na hakuficha. Ukutani, kwa mashine ya kuonyeshea picha, Mzee Wepukhulu alikuwa na urefu wa dari.

Brigid hakuwa ametegemea hilo. Kwenye simu ya Vivian mzee alikuwa mdogo kama kidole. Hapa kila unywele wa paja lake ulikuwa na urefu wa kalamu, na mama wa rasilimali watu, akitafuta mahali pa kuegemeza daftari, alisogeza kiti chake mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia katikati ya magoti ya mzee.

"Tuanze na hii," alisema bwana wa Nairobi. "Very powerful. Tuambie, kwa dakika moja, picha hii inatufundisha nini?"

Brigid alikuwa na jibu. Alikuwa amelikariri mbele ya kioo: jamii, ustahimilivu, mwanamke kama kiongozi wa mabadiliko. Alifungua mdomo.

"Huyu ni baba mkwe wangu," alisema. "Hakutaka nimbebe. Kwetu siruhusiwi hata kumshika mkono. Alikuwa tayari maji yamchukue kuliko mimi nimguse, na tulipoteza kama dakika kumi hapo mlangoni, kitanda kikielea. Nimefundisha mwongozo wenu miaka sita na sijawahi kuuliza nyumba yoyote swali hilo. Hakuna aliyeniuliza mimi pia. Tuna kituo kimoja cha uokoaji, ukumbi mmoja bila hata pazia. Mzee alitazama ukuta saa sita. Mimi nilikaa kwa mvua. Wafadhili waliandika kwamba kila mtu alihifadhiwa."

Mama wa rasilimali watu aliacha kuandika.

"Interesting," alisema bwana wa Nairobi, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. "Lakini swali lilikuwa picha."

"Brigid amechoka, wiki imekuwa ngumu," Vivian alisema, akitabasamu kwa meno yote. "Brigid, fomu ya Mzee unayo?"

"Ninayo."

"Safi."

Aliitoa, akaikunjua, akaiweka mezani. Vivian alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Kidole kipo," Brigid alisema. "Lakini si chake. Mzee alikataa. Naomba mumtoe hapo ukutani."

Hakuna aliyejua mahali pa kuzimia mashine. Emmanuel aliitwa kutoka ofisi ya jirani aje kuizima, na ilimchukua muda, kwa hiyo wote wanne waliketi wakimsubiri, mzee naye akiwatazama.

*

Kazi alipewa Emmanuel, kwa umahiri wake wa kuweka kumbukumbu. Barua ya Brigid ilimshukuru kwa uaminifu wake na kumpa miezi mitatu zaidi kama Balozi Mwandamizi, cheo kipya, fulana ya zambarau. Zoezi lililoahirishwa lilifanywa Jumatano, jua likiwaka. Emmanuel alimbeba Wanja mgongoni kutoka ukingoni hadi kwenye hema, Wanja akicheka mpaka machozi, na picha hiyo ikawa jalada. Wanja alitia sahihi, akanywa soda mbili.

Elphas hakugombana. Alinyamaza wiki nzima, na alipozungumza alisema tu kwamba mwenye ploti amempa hadi mwisho wa mwezi, na kwamba kuna harusi Burnt Forest inayotaka vitanda viwili. Nusu ya msamaha ilikuwa humo, na Brigid aliichukua ilivyo.

Jumatatu aliacha fulana ya zambarau kwenye kamba. Akavaa gauni lake, akachukua daftari la shule na kalamu, akaanza kwa Wanja.

"Maji yakirudi, nyumba hii nani hawezi kumgusa nani?"

"Wewe una wazimu," Wanja alisema. Kisha akafikiri. "Mimi sina shida. Lakini muulize Jepkemboi wa mlango wa kijani. Mama ya mke wa kijana wake amekuja kukaa, na huyo kijana akimwona anaruka dirisha."

Brigid akaandika. Nyumba ya tatu walimfukuza. Ya tano walimpa chai na majina manne. Kufikia saa nane daftari lilikuwa na kurasa saba za watu wasioweza kubebana, na kando ya kila mmoja jina la anayeweza kumbeba, na mahali anapofanya kazi mchana.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa chumba cha pili. Alisimama hatua nne nyuma ya kigoda.

"Mzee, ni mimi. Naandika. Maji yakirudi, nani akubebe?"

Gongo lilisogea, likatulia.

"Andika Elphas."

"Nimeandika. Na asipokuwepo?"

"Yule fundi wa baiskeli wa pale kona. Ana mabega."

"Nimeandika. Na yeye asipokuwepo?"

Ndani, kitanda kililia mzee alipogeuka. Akakohoa. Akataja mtu mwingine, kisha akakumbuka kwamba mtu huyo alihama.

"Asipokuwepo," mzee alisema polepole, akiielekeza sauti yake upande wa ukuta, "andika jina lako. Lakini unifunike blanketi kwanza. Na kichwa pia."

Brigid aliandika jina lake. Mbele yake akaandika: blanketi, na kichwa pia.

"Isome nisikie," mzee alisema.

Akamsomea.